Sikio la Kahambu

Ilianza na harufu ya nywele zinazoungua, mule ndani ya chumba cha skana ambamo hakuna moto. Wivine, fundi wa mashine kwenye kliniki moja ya mtaa wa Makomeno, alidhani ni jenereta. Akamlaza Kahambu, mama aliyekimbia vita Goma akafikia kwa kaka yake, mtaa wa Hewa Bora. Kabla ya kukimbia, alikuwa amewekewa kijiti cha titani ndani ya sikio la kulia, badala ya kifupa kilichooza. Sasa sikio lile lilikuwa linasema, na daktari alitaka kujua kama kijiti kimehama.

Wivine akaketi nyuma ya kioo, akamwambia kwa mikro asitikisike.

Picha ikajijenga kwenye ekrani, pande zote. Kijiti kilisimama sawasawa, ila kilikuwa kimeshikwa na vitu kama vidole vyembamba, na Wivine alipoigeuza picha apate kuviona kwa nyuma, vidole vile vikakaza. Akainua macho: midomo ya Kahambu ilikuwa imekuwa myeusi. Akakimbia, akamtikisa mpaka akavuta hewa.

"Juu ya nini ulinikataza kupumua?" Kahambu alinong'ona.

"Mi nilisema usitikisike tu, mama."

"Ilikuwa sauti yako. Ndani ya sikio. Iko inacheka, inasema huyu wa maombi hataniweza..."

Hakumaliza. Kifua kikasimama tena, macho yakamtoka, na ile harufu ikajaa chumba chote hata Wivine akaisikia kwenye ulimi. Kwenye kikundi cha maombi alichosali Wivine, anayefukuza pepo hasemi "toka" peke yake. Anataja na mahali pa kwenda, shimoni, ndipo anafunga kwa amina. Wivine alilijua hilo kama anavyojua jina lake, lakini woga ulimshika, akabandika mdomo kwenye sikio lile na kusema toka, toka kwa jina la Yesu, toka, mpaka mwili wa Kahambu ukalegea na pumzi ikarudi kwa kishindo, na mama yule akaanza kulia.

"Kumenyamaza," akasema. "Mama Wivine, kumenyamaza kabisa."

Wivine akafungua kinywa amshukuru Mungu. Ndani ya sikio lake mwenyewe, sauti yake ikamjibu kwa upole:

"Umesema nitoke. Haukunambia niende wapi. Usipumue."

Na kifua chake kikatii.