Mgeni wa Ukurasa wa Halwa

Mtaniwia radhi mapema, jamaa zangu, kwa sababu hadithi hii nitaisimulia vibaya. Hadithi ya jini yataka mtu mwenye sauti nzito na macho makavu. Mimi sauti yangu ni ya kunadia samaki, na nikifika pahala pa kuogofya hushikwa na kicheko kama mtu aliyetekenywa msibani. Basi mkifika pa kutisha mkaona nimepaharibu, ogopeni wenyewe tu, msiningoje.

Faki mpika halwa, yeye, alikuwa hacheki.

Duka lake liko Malindi, mji wa kale, katika kichochoro chembamba ambacho ukikutana na punda, mmoja wenu lazima arudi nyuma. Babu yake alipika halwa hapo, baba yake akapika, na yeye amepika mpaka kucha zimekuwa na rangi ya zafarani. Lakini mwaka huo wateja walikuwa wakipita mlangoni pake na vikopo vya halwa ya kiwandani, wameiona kwenye simu. Shemeji yake wa Gongoni alikuwa ameshamtafutia kazi ya kulinda chumvi kiwandani. Msimu wa harusi ukipita na duka halijaamka, Faki angefunga mlango wa babu yake, aende akakae na rungu kulinda kitu ambacho hakuna aliyewahi kukilamba mara mbili kwa hiari yake.

"Fungua ukurasa, Baba," binti yake Lubna, aliyeolewa Mombasa, alimwambia kwa simu. "Siku hizi duka lisilo na ukurasa ni kama maiti asiye na sanda. Yupo, lakini watu wanaona haya kumtazama."

Faki akafungua. Jina la babu yake likakataliwa, eti lina mwenyewe. Akaongeza neno Asili mbele. Nalo lina mwenyewe. Neno la siri likawa fupi, likawa dhaifu, mwishowe likawa siri kwelikweli, maana hata yeye alilisahau. Picha ya kwanza ilipopanda, mkewe Zuleikha aliitazama kwa jicho moja.

"Hii ni halwa au ni tope la mikokoni?"

"Ni mwanga, Zuleikha."

"Basi huo mwanga una chuki na sisi."

Halafu wakaja wateja. Chini ya picha Faki aliandika bei, tena kwa herufi za kumhurumia kipofu. Wa kwanza akauliza: Bei? Wa pili: Bei gani? Wa tatu: Bei tafadhali, akaweka na ua. Mmoja wa Voi akataka kujua kama wanauza na magodoro. Faki akawa anajibu kwa mkono mmoja, mkono wa pili uko kwenye mwiko, na halwa ni bi harusi, ukiigeuzia uso inaungua. Ikaungua. Akatupa sufuria nzima ya wanga, samli na lozi, akaketi chini akashika kichwa.

"Liko jibu linalojituma lenyewe," Lubna akamfundisha. "Andika mara moja tu, simu itamjibu kila anayekuja."

Kwa hasira zake, na kwa ukarimu aliolelewa nao, Faki akaandika: Karibu. Ingia bila kubisha. Jisikie uko kwako. Tunapokea wote, usiku na mchana.

Zuleikha alikuwa anachekecha wanga. Aliposomewa maneno yale mkono wake ulisimama. Yeye ni mtu wa Pate, amezaliwa katika nyumba ambayo anayebisha hodi baada ya magharibi haambiwi karibu mpaka ajitaje, na asipojitaja, watu hupunguza taa wakanyamaza.

"Baba Lubna, hiyo simu yauliza nani kabla ya kukaribisha?"

"Simu haiulizi. Simu yajibu."

"Na hao wote ni wote gani?"

"Wateja, mke wangu. Wote wenye midomo."

"Hukuandika wenye midomo. Umeandika wote."

Magharibi hiyohiyo, adhana haijamalizika, ujumbe ukaingia. Mwenyewe hana picha, hana jina. Neno moja tu: Hodi.

Na simu, bila kumngoja mtu, ikamkaribisha.

Asubuhi sinia la halwa iliyolala lilikuwa limechotwa katikati. Alama za vidole zilikuwa nne, ndefu kama vipini vya miiko, na ya gumba haikuwapo. Meko yalikuwa baridi, lakini duka zima lilinuka samli iliyoungua, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya kisima kilichofunikwa siku nyingi.

"Paka," Faki akasema.

"Paka gani wa vidole?"

"Paka wa mjini, Zuleikha. Usinianze."

Akapika nyingine, akaipiga picha. Nyuma ya sinia lilionekana benchi la wanywa kahawa, na benchi lilikuwa tupu. Yeye mwenyewe alilipangusa. Picha ilipofika kwenye ukurasa, palikuwa na mtu amekaa. Kanzu ya rangi ya udongo, mgongo umeelekezwa kwa watazamaji.

Faki aligeuka akatazama benchi. Tupu. Akatazama simu. Mtu. Na chini ya picha, watu ambao kwa majuma mawili walikuwa hawajui kusoma bei, leo wamepata macho. Yule mzee wa nyuma ni nani? Mbona amenuna? Mwambieni ageuke.

"Mimi nimeiva usoni kwa moto wa halwa," Faki akalalamika, "wao wanaulizia mgongo."

Akapiga picha nyingine, pembe nyingine. Mgeni ameonyesha bega. Akapiga ya tatu: mgeni ameonyesha sikio, na sikio lilikuwa juu mno, pale ambapo wewe na mimi tunavalia kofia. Watu wakaandika, bado kidogo, mwambieni ageuke. Faki akaitupa simu kwenye gunia la sukari.

Tangu hapo halwa ikakataa kushika. Aipike aipikavyo, ilibaki majimaji kama uji wa mgonjwa. Wateja wachache waliokuwa wakija kwa miguu yao walifika kizingitini, wakavuta pua, wakakumbuka safari nyingine. Shemeji akampigia Zuleikha kutoka Gongoni kuuliza saizi ya viatu vya kazi.

Ikawa siku ya nne, saa ile jua liko utosini na kila kivuli kimejificha chini ya mwenyewe, kichochoro kizima kimefunga milango kwa usingizi wa mchana, Zuleikha amekaa na msahafu mapajani anasoma Yasini kwa sauti ya chini, Faki amesimama kando yake na mwiko mkononi kama askari aliyesahauliwa lindoni, na kila aya ilivyokuwa ikipita ndivyo benchi lilivyokuwa likilia, ngii, ngii, kama lililobeba mtu anayejisogeza mbele ili asikie vizuri, na baridi ikapanda kutoka sakafuni ikamshika Faki vifundo vya miguu, ikapanda magotini, na ile harufu ya kisima ikazidi mpaka akaihisi mdomoni kama sarafu kuukuu, naye Zuleikha asinyanyue macho, asome tu, asome, mpaka akafika mwisho, akainua mikono akaomba dua, akaombea nyumba, akaombea duka, akaombea marehemu wa pande zote mbili, na kutoka kwenye benchi tupu, kwa sauti nzito, taratibu, yenye heshima zake, mtu akasema:

"Amin."

Zuleikha akafunga msahafu polepole.

"Ni Muislamu," akanong'ona. "Afadhali."

"Afadhali ya nini?"

"Hatatudhuru. Lakini hatoki. Umemwambia ajisikie yuko kwake, na yeye anajisikia."

Faki akaichomoa simu ndani ya sukari, akafuta maneno yote ya karibu, moja baada ya jingine. Benchi likalia tena, na macho yao yakiliona, likasogea shubiri moja kuwaelekea.

"Umeona?" Zuleikha akasema, midomo haimtembei. "Mtu amekwisha kaa, wewe wamwondolea mkeka. Sasa nisikilize. Mimi sipiki tena katika nyumba yenye mgeni nisiyemjua. Mtoe kwa wema, au mwambie kaka yangu saizi ya viatu."

Aliyeitwa ni Bi Mapenzi, mganga wa Adu. Alifika asubuhi kwa bodaboda, jembe amelilaza mapajani, kwani simu ilimkuta shambani kwa mihogo. Alisimama kizingitini, akanusa mara moja, asiingie.

"Shikamoo, bibi," Faki akaamkia.

"Marahaba. Nani alisema karibu?"

Faki akanyoosha kidole kama mtoto wa chuo cha Kurani.

"Mimi hufukuza waliojiingiza," Bi Mapenzi akasema kwa sauti ya chini. "Huyu ameingizwa. Mgeni wako nikimfukuza mimi nitakuwa nimemvunjia heshima, na wao wana ndugu wengi kuliko sisi."

"Sasa tufanyeje?"

"Mgeni siku mbili. Ya tatu?"

"Mpe jembe," Faki na Zuleikha wakajibu pamoja.

"Kumbe mwajua wenyewe, mwaniondolea nini shambani? Kwetu Adu jembe ndilo hili. Mkimpa atalima, na akichoka ataaga mwenyewe. Kwenu hapa jembe ni nini?"

Faki akautazama mwiko.

"Mwiko hapana," Zuleikha akanong'ona. "Atalamba."

Mfukoni mwa Faki simu ikatetemeka. Akaitoa. Bei? Na kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze, kitu kama tabasamu kikampita usoni.

Akalisogelea benchi. "Mgeni wetu," akasema, "umekula, umepumzika. Leo tunakuomba utushike mkono kidogo. Kazi yetu sisi ni hii." Akailaza simu kwenye ubao wa benchi, akarudi kinyumenyume. Simu ikawaka yenyewe.

Majibu yalikuwa ya mtu aliyesoma zamani. Ewe muulizaji, bei imo juu ya swali lako, inua macho nawe utastarehe. Watu wakacheka, wakaitana. Wa kwanza kuagiza alikuwa mwenye harusi wa Mambrui, akafuatwa na wa Kilifi, na sufurini halwa ikaanza kushika, nzito, yenye kung'ara. Zuleikha akafunga kanga kiunoni akarudi mekoni.

Lakini watu ni wale wale. Bei? Mko wapi? Akaandikiwa mahali. Sawa, lakini mko wapi? Mnaleta mpaka Kitale? Bei ya mwisho? Mtu mmoja alitaka halwa isiyo na sukari. Yule wa Voi akarudi na magodoro yake. Siku ya kwanza benchi lilitulia. Siku ya pili likaanza kutikisika. Siku ya tatu Faki alisikia meno yakisagwa, na alipoiazima simu kupiga picha ya sinia jipya, mgeni alikuwa amewapa watu mgongo tena, ameinama, vidole vyake vinane vimeshika kichwa palepale Faki aliposhikia chake.

Saa sita mchana, jua utosini, simu ikaruka kutoka kwenye benchi ikatumbukia katika ndoo ya maji. Baridi ikajaa duka. Sauti ikatoka karibu sana, karibu ya sikio la Faki, na haikuwa na pumzi.

"Faki. Nimekaa kisimani tangu magofu yalipokuwa nyumba. Nimewaona masultani, nimewaona Wareno. Sijapata kuulizwa jambo lililokwisha kujibiwa. Nimekula kwako, Mungu akuzidishie. Naomba ruhusa niende zangu."

Na hapo, jamaa zangu, ndipo Faki alipokaribia kuangamia. Kwani mtu wa pwani aliyelelewa akaleleka, mgeni akimuaga, ulimi una jibu lake tayari kabla ya akili kuamka. Faki aliuhisi ulimi ukinyanyuka. Akauma meno, ulimi ukayasukuma. Mdomo ukafunguka, pumzi ikapanda, "Mbo..." akaanza, na benchi likalia kwa furaha kama mtu anayeketi upya.

Kiganja cha Zuleikha, kimejaa samli ya moto wa wastani, kilimpiga mdomoni kikakaa hapo.

"Safiri salama, bwana," Zuleikha akasema. "Njia njema."

Harufu ya kisima ikapita mlangoni, ikashuka kichochoro, na punda aliyekuwa huko akarudi nyuma mwenyewe.

Duka liko mpaka leo. Shemeji wa Gongoni amewapa wengine vile viatu. Ukurasa nao upo, kwenye simu nyingine, na jibu lake linalojituma ni moja tu, kwa amri ya Zuleikha: Nani wewe? Jitaje kwanza. Wateja wanadhani ni mzaha, wanajitaja majina matatu matatu, na ya babu pia.

Mgeni naye alitafuta kazi nyepesi, isiyo na wateja wala bei. Magharibi moja nilikuwa nimekwama na karatasi tupu, nikasikia hodi, nikamkaribisha bila kuuliza nani. Siku ya tatu nikampa jembe. Hadithi hii ameiandika yeye. Langu ni lile la kuomba radhi hapo juu na haya ya mwisho tu. Basi pale palipoharibika msimlaumu, maskini, kwani ameshaniaga mara mbili. Mimi ndiye, kwa adabu zangu, niliyemwambia: mbona mapema, kaa kidogo.