Alama ya Mkaa Kwenye Korongo la Zanskar

Barafu ilimmeza Namgyal siku ya tatu ya safari, saa nne asubuhi, jua likiwa bado halijafika chini korongoni. Ilipasuka kama sahani, na mtu mzima akazama mpaka kifuani, mzigo ukiwa mgongoni.

Aliyekuwa mbele ni dada yake mkubwa, Yangdol. Kosa lilikuwa lake, naye alilijua kabla hata hajageuka.

Watu wa Zanskar, bonde la milima mirefu ya kaskazini, wakitembea juu ya mto ulioganda, wa mbele hugonga barafu kwa fimbo kila hatua. Barafu nzima hujibu kwa sauti nzito. Mbovu hulia kama debe tupu. Wa nyuma hufuata nyayo zake, wakiburuta miguu bila kuinyanyua. Yangdol alijifunza hayo akiwa na miaka saba. Lakini asubuhi ile hakugonga. Alikwenda mbio, uso ameukunja, kwa kuwa nyuma yake mdogo wake alikuwa akicheka na kuongea na mkewe, Sheeja, habari za Kuttanad, huko kusini alikozaliwa Sheeja.

Kuttanad, kila siku Kuttanad! Huko mvua hunyesha mpaka nguo zinaota ukungu sandukuni. Mashamba ya mpunga yako chini kuliko bahari, yamezungushiwa matuta, na mtu hupanda mtumbwi kwenda kununua chumvi. Midomo haipasuki. Hakuna anayeokota samadi ya kuwashia moto kiangazi kizima ili asife kwa baridi. Yangdol alitazama majabali ya kwao, matupu, bila mti, mahali ambapo mvua ya mwaka mzima haijazi sufuria, akaona uchungu. Nani aliwahi kumwambia Namgyal kwamba kwao ni pabaya, kabla hajaoa?

Na kulikuwa na jambo lingine, chungu zaidi. Mama yao alikuwa mgonjwa kijijini, njia za milimani zimefungwa na theluji isipokuwa mto, akamtuma mpita njia kwa maneno manne tu: "Mwambieni Sheeja aje haraka." Sheeja ni muuguzi, sawa. Lakini jina la Yangdol halikutajwa. Yangdol alijileta mwenyewe.

"Tandaza mikono juu ya barafu! Usijisukume!" alipiga kelele sasa, akifungua mshipi wa joho lake, kitambaa kirefu cha sufu. Aliurusha. Wanawake wawili wakalala kifudifudi juu ya barafu wakavuta mpaka Namgyal akatoka, nguo zikiganda na kulia kama mbao.

Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti.

Pembeni palikuwa na pango lenye paa jeusi kwa moshi wa vizazi vingi. Wakamwingiza humo. Sheeja alimvua nguo zote bila aibu, akamfunika kwa majoho, akaufunga mguu kati ya fimbo mbili.

"Uma mkono wa joho," alimwambia mumewe. "Nanyoosha."

Namgyal alipiga ukelele. Yangdol aliwasha matawi ya kichaka cha mreteni yaliyoachwa humo na wasafiri, akachemsha chai ya siagi na chumvi, akamnywesha kwa mkono wake mwenyewe, bila kumwachia mkewe. Aliona Sheeja ameona.

Adhuhuri wingu likafunika mbingu, baridi ikalegea, na maji yakaanza kupita juu ya barafu.

"Tutangoja hapa," Yangdol alisema. "Maji ya juu huganda yenyewe kesho. Babu alingoja pango hili hili siku tano."

Sheeja aliinama motoni. Alichukua kipande cha mkaa, akachora mstari kwenye jiwe la mlangoni, ukingoni mwa maji. Akakaa akiutazama kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Punde akachora wa pili juu yake, kisha wa tatu.

"Unachora nini, wifi? Unasoma shule?"

"Baba yangu hufanya hivi kwenye tuta. Maji yanayopita, dada, hupanda kisha hutulia. Haya hayatulii. Kuna kitu kimeziba huko chini."

"Kwenu maji ni maji. Hapa ni barabara. Usinifundishe mto wa kwetu."

"Mto sikufundishi. Ila mimi nimezaliwa chini ya maji, na mume wangu hawezi kukimbia."

Mume wangu! Neno hilo lilimchoma Yangdol kuliko baridi. Wivu ulimnong'oneza: mwache akosee, mara moja tu, mbele ya Namgyal. Pango halijawahi kuwasaliti watu wa Zanskar. Kila mtu kijijini angesema vile vile. Akashusha macho kwenye jiwe. Mstari wa kwanza haukuonekana. Wa pili ulikuwa ukizama.

Akakumbuka fimbo ambayo hakuigonga asubuhi.

"Mpandishe mgongoni mwangu," alisema.

Alimfunga Namgyal kwa mshipi ule ule, kama alivyombeba utotoni, akaparamia mwamba. Sheeja, sleji ya kuburutia mizigo na mfuko wa chakula mgongoni, alisukuma kutoka chini, maji yakiwa magotini. Mara mbili Yangdol aliteleza, mara mbili bega la wifi yake likamzuia. Walipofika kwenye ukingo wa juu, vipande vya barafu vikubwa kama milango viliingia pangoni vikigongana. Moto ukazimika kwa mlio mmoja.

Walijibanza kwenye mwamba. Kisha Yangdol akaona vidole vya Sheeja vimekuwa vyeupe kama nta. Akaivuta mikono ile, akaiingiza chini ya joho lake, akaibana tumboni kwake. Ilikuwa baridi kama samaki.

"Kuttanad hamfanyi hivi?" aliuliza.

"Kuttanad tunapepeana," Sheeja alisema, meno yakigongana. Baadaye akaongeza, "Dada, unajua nakuonea wivu? Akishikwa na homa, huita jina lako. Langu hata siku moja."

"Mwongo wewe."

"Muulize mwenyewe."

Namgyal alijifanya amelala.

Alfajiri mbingu ilikuwa wazi na baridi ya kukata masikio. Mto uliganda upya, rangi ya bluu. Walimfunga mgonjwa kwenye sleji yao ya mbao, na Yangdol akatangulia akigonga kila hatua, kila hatua, hata pale ambapo mtoto asingegonga. Sheeja alivuta nyuma yake, akikanyaga alipokanyaga yeye. Siku mbili walikula unga wa shayiri uliokaangwa, wakimumunya aprikoti kavu, matunda madogo ya kwao, mpaka wakaona moshi wa kijiji.

Mama alikuwa hai, amelala karibu na jiko, kifua kikikoroma. Sheeja alitupa mzigo, akaweka sikio kifuani, akaagiza maji ya moto. Yangdol alisimama mlangoni na theluji miguuni. Swali lilimtoka bila kulipanga.

"Mama, kwa nini ulimwita yeye, mimi hukuniita?"

Bibi kizee alimtazama kama aliyeulizwa jua linatokea wapi.

"Anayeitwa ni mgeni," alisema. "Mwenye nyumba anaitwa kwake? Ingia ufunge mlango, baridi inaingia."

Yangdol aliingia. Akaufunga mlango, akamimina vikombe viwili vya chai, na cha kwanza akampa wifi yake.