Kasha Lenye Picha ya Ndayisaba

Kisa hiki sikukiokota baa. Kimempata Kaliza, mdogo wangu wa tumbo moja, na jeraha lililoacha kovu shavuni mwake nililisafisha mimi mwenyewe kwa maji ya chumvi. Anayetaka kucheka na acheke sasa hivi, kabla sijaanza.

Siku ile ilianza vizuri tu. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Kaliza alipita kibandani kwangu Nyamirambo, mimi nikiwa fundi cherehani. Tukanywa chai ya maziwa, akajaribu gauni la harusi ambalo bado nilikuwa sijalipiga pindo. Ndayisaba, mchumba wake, alikuwa ameshaleta ng'ombe wa mahari, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekula na kukubaliana. Kaliza alizunguka mbele ya kioo akaniuliza kama amenenepa. Nikamwambia amenenepa, maana dada hasemi vingine. Akapanda moto, pikipiki ya abiria, akaondoka huku anacheka.

Yeye na Ndayisaba walifanya kazi ghala moja la vipuri kule Gatsata, mahali ambapo kila mlango ni gereji na kila mkono una grisi. Pikipiki zinafika pale mpya, zimefungwa ndani ya makasha ya mbao. Lakini wateja wengi hawataki pikipiki nzima. Huyu anataka tairi, yule anataka injini, mwingine taa tu. Basi kasha linavunjwa, na kuvunja kwenyewe kuna utaratibu: linavunjwa kwanza kwenye kompyuta, ndipo linavunjwa kwa mikono. Kaliza anachagua kasha, anabonyeza Vunja, kasha linatoka kwenye hesabu na vipande vyake vinaingia, kila kimoja na rafu yake. Akimaliza anampigia kelele Ndayisaba, naye anakuja na mtaimbo. Bosi akibadili mawazo, kipo kitufe kingine kinaitwa Unganisha. Hicho kinarudisha vipande vyote kuwa kasha zima, mradi pasipungue hata kimoja. Nimelieleza hili kirefu kwa sababu ndipo balaa lilipopitia.

Programu hiyo aliiweka Sangwa, mtaalamu wao wa kompyuta. Sangwa alimtaka Kaliza kabla ya Ndayisaba. Alikataliwa kwa upole, akasema hana kinyongo, na mimi simwamini mtu anayesema hana kinyongo kabla hajaulizwa. Alipokuwa anawafundisha wafanyakazi alisema hawezi kuchezea bidhaa za kweli, kwa hiyo watajifunza kwa kasha la uongo. Akafungua kasha jipya, akaliita Ndayisaba. Programu ikadai picha ya bidhaa, akaweka picha ya Ndayisaba. Ikadai vipande vilivyomo, akaandika kichwa, kiwiliwili, mikono, miguu. Watu walicheka. Ndayisaba mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu Sangwa akawaonyesha jinsi ya kuuza kipande kabla kasha halijavunjwa: akauza mkono wa kulia kwa mteja wa kubuni, akampa jina Spès, risiti ikatoka.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Baadaye yalisemwa mengi, kwamba Sangwa alikuwa ameipeleka picha ile kwa umupfumu, mganga wa mambo ya giza, kabla ya kuiweka kwenye kompyuta. Mimi sikuwepo, siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba kasha lile halikufutwa.

Mchana mvua ilishuka juu ya mabati, ikawa watu hawasikizani. Bosi akapiga simu kutoka mjini. Vipuri vimekwisha, wateja wanasubiri, makasha yote yavunjwe leo hii. Kaliza akaweka alama kwenye Chagua Zote. Hakusoma orodha. Nani anasoma orodha ya makasha anayoyajua? Akabonyeza Vunja.

Uani, chini ya paa, Ndayisaba hakungoja kuitwa; alikuwa ameshaingiza mtaimbo chini ya ubao wa kasha la kwanza.

Mkono wake wa kulia ndio uliotoka mwanzo. Haukukatwa. Ulijizungusha begani taratibu, kama nati inavyofunguliwa. Ngozi ikapasuka, mfupa ukalia, mkono ukaanguka bado umeushika mtaimbo. Ndayisaba aliutazama tu. Kisha mguu ukaanza kuzunguka. Akaanguka. Damu iliruka ikafika ukutani. Mguu wa pili ukafuata. Alijivuta kwa mkono wa kushoto kuelekea mlango wa ofisi, akiita, na mkono huo nao ukazunguka. Vibarua waliotaka kumshika walilowa damu usoni, wakakimbilia barabarani kwenye mvua, viatu wameviacha.

Mwisho ikawa shingo.

Kaliza alitoka ofisini akakuta kichwa cha mchumba wake kimelalia shavu kwenye saruji. Macho yalikuwa wazi. Yalimwona. Midomo ikatamka jina lake bila sauti.

Alikuwa hai. Hilo ndilo linalomwamsha mdogo wangu mpaka leo. Na vipande vilikuwa vinatembea. Kila kimoja kilijiburuta kwenye maji na damu, kikielekea kwenye rafu yake.

Ndipo geti lilipofunguka. Akaingia mwanamke aliyejifunga kitenge cha bluu. Hakuwa na mwavuli, na hakuwa amelowa. Alipita katikati ya damu kama mtu anayepita sokoni, akanyoosha karatasi.

"Nimekuja kuchukua mzigo yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Risiti iko hapa."

Jina kwenye risiti lilikuwa Spès.

Kaliza hakuweza kuinua mguu. Mwanamke aliinama, akaushika mkono wa kulia, akakunjua vidole kimoja kimoja mpaka vikauachia mtaimbo. Akautia kwenye mfuko wa kaki. Nje kulikuwa na moto inamsubiri. Akapanda, wakashuka na barabara ya Nyabugogo, na mfuko ulikuwa unacheza mapajani mwake.

Kaliza akarudi ofisini mbio. Akabonyeza Unganisha. Kompyuta ikakataa. Kipande kimepungua: mkono wa kulia. Akabonyeza tena. Kimepungua. Uani, kichwa cha Ndayisaba kilikuwa kinapumua kwa shida, na kila pumzi ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia.

Sangwa, aliyekimbilia ndani aliposikia mayowe, alikuwa amesimama nyuma yake, mgongo ukutani, rangi imemtoka usoni.

"Sha, mimi nilikuwa nafanya mchezo tu," alinong'ona.

Kaliza akamuuliza mkono mwingine utatoka wapi. Sangwa aliitazama mikono yake mwenyewe, halafu akaificha nyuma. Basi Kaliza akapata jibu.

Akafungua kasha jipya. Akaandika Sangwa. Akainua simu, akampiga picha.

"Kaliza, usifanye hivo. Mimi iko na mama."

"Na yeye iko na mimi," Kaliza akasema, akaandika vipande hadi cha mwisho.

Sangwa akamrukia. Alikuwa na kisu cha kukatia maboksi, akamchana shavu kuanzia sikioni hadi pembeni ya mdomo. Kaliza akamng'ata mkono mpaka meno yakagusa mfupa. Kisu kikaanguka. Sangwa akampiga kichwa kwenye meza, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akamlaza chali juu ya karatasi na kumkaba koo kwa mkono wa kulia. Kaliza alipapasa nyuma yake. Hakuona kitu, damu ilikuwa imemwingia machoni. Akaigusa mausi. Akabonyeza Vunja.

Sangwa alimwangukia mwilini vipande vipande. Mguu. Mguu. Kiwiliwili kizito kikateleza kikaenda chini. Kichwa kikagonga sakafu. Lakini mkono wa kulia haukuanguka. Ulibaki kooni, peke yake, bila mtu nyuma yake, na ukazidi kukaza.

Giza lilianza kumjia. Akatafuta kitufe cha pili kwa kidole. Unganisha.

Kasha la Ndayisaba, lililokuwa linangoja mkono wa kulia, likaupata: mkono ukamwachia. Ukadondoka, ukageuka, ukatambaa kwa vidole hadi mlangoni. Ukavuka kizingiti, ukaenda uani.

Kaliza alipotoka, Ndayisaba alikuwa ameketi katikati ya damu yake, mzima, anauliza kwa nini analia. Kichwa cha Sangwa kiliendelea kutazama kutoka chini ya meza. Midomo ilikuwa inasema kitu. Kisha ikaacha. Yeye hakuweza kuunganishwa, maana sasa na yeye alikuwa amepungukiwa.

Ikasemwa kwamba rafu za chuma zilimwangukia Sangwa. Bosi aliitoa ile kompyuta akaichoma moto nyuma ya ghala, na hakueleza sababu, wala hakuna aliyeiuliza. Mazishini mama wa marehemu alitaka kujua mkono wa mwanawe uko wapi. Akaambiwa, ihangane mama, vumilia, haukuonekana. Ndayisaba alikuwa amesimama karibu naye, mkono wa kulia ndani ya mfuko wa koti. Mama yule alimpa pole, akanyoosha mkono wake wasalimiane. Ndayisaba akamsalimia kwa wa kushoto. Nilidhani ule wa kulia umeumia.

Harusi ilifanyika, kwa sababu watu walikuwa wamealikwa na ng'ombe hawarudishwi kirahisi. Nilipompima Ndayisaba suti, mkono wa kulia ulizidi wa kushoto kwa vidole vinne, na ulikuwa mweusi zaidi, una alama za meno. Nikashona hivyo hivyo. Kaliza aliniambia yote siku hiyo hiyo, sindano ikiwa mkononi mwangu. Nilimwambia amefanya ambalo ningelifanya mimi. Sikuwa namfariji, ndivyo nilivyoona.

Wakahamia Niboye, nyumba nzuri ndogo yenye kuta nyeupe. Kwa muda tulidhani yamekwisha. Kisha Kaliza akaanza kuangusha vitu. Kwanza kikombe. Halafu sufuria ya mboga. Nikaenda kumwona Ijumaa moja baada ya swala, nikamkuta ameketi na mkono wake wa kulia mapajani, vidole vinaning'inia kama vidole vya glavu. Aliniambia vinalegea. Havimuumi, vinalegea tu, na ngozi ya begani imeanza kuwa na mistari ya kuzunguka. Akanionyesha. Nikamtukuza Mungu kimoyomoyo.

Ndayisaba alikuwa kazini. Nikalivuta godoro kutafuta dawa ya uchawi, maana nilijua kuna kitu kimezikwa. Hakikuzikwa kitu. Uchawi ulikuwa ukutani, upande anaolala mume, chini pale mkono unapofika mtu akiwa usingizini. Chokaa ilikuwa imekwaruzwa kwa kucha. Herufi kubwa, kama zinazoandikwa kwenye kasha. KALIZ, na mstari mmoja wa herufi ya mwisho ulikuwa umeshaanza.

Nilichukua kisu cha jikoni nikakwangua mpaka jina lote likatoka. Mdogo wangu akaita kutoka sebuleni. Alikuwa ameshika glasi ya maji, na haikuanguka.

Ndayisaba hajui mkono unaandika. Anaamka na chokaa kwenye kucha, anafikiri ni ya ukuta wa ghala. Kaliza amejaribu kuufunga ule mkono kitandani kwa mkanda, mumewe akiwa usingizini, akaamka asubuhi mkanda umefunguka na kiganja kiko kooni mwake, kimetulia kama kinapima. Kumwacha mumewe Kaliza hataki. Anasema ameshamlipia.

Basi kila Ijumaa, baada ya swala, nilikuwa nakwenda Niboye na kisu changu. Nakwangua, nafagia, nanyamaza. Chokaa ilikwisha, ikaja plasta, plasta ikaisha, ikaja tofali. Na kila Ijumaa nilikuta jina lile lile, limeishia pale pale, linangoja herufi moja.

Ijumaa iliyopita nilivuta godoro nikapiga magoti. Halikuwa jina la Kaliza. Ndani ya tofali, kina cha ukucha mzima, limeandikwa MUKANTWARI. Ndilo jina langu. Herufi zote zilikuwepo, hadi ya mwisho. Kisu kilivunjika ncha, na jina halikutoka.

Haya anayaandika mume wangu, mimi nasema tu. Mkono wangu wa kushoto umeushika wa kulia, na sithubutu kuuachia.