Upepo wa Landrova

Kabla ya yote niseme kwamba mimi ni fundi. Siendi kwa waganga, sivai hirizi, na mtu akiniambia gari lake limerogwa namuuliza kwanza kama ameweka dizeli. Kwa hiyo msinicheke.

Mimi ndiye dereva na fundi wa Landrova ya kijiji chetu, huku Handeni. Ni ndefu, ya dizeli, imezeeka. Ilitoka kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe, ikapita mikono mingi, mpaka ikatufikia sisi wa kijiji cha ujamaa ikiwa na milango miwili iliyofungwa kwa kamba ya katani. Karakana hatuna. Inalala kwangu, ubavuni mwa nyumba, na spana zangu zinakaa chini ya kitanda. Mke wangu Swaumu analalamika kwamba ameolewa na chuma.

Gari lile lilikuwa na ugonjwa mmoja. Lilikuwa linavuta upepo. Asiyejua dizeli nimweleze: hewa ikiingia kwenye bomba la mafuta, hata kidogo, injini inakohoa na kuzima. Sisi mafundi tunasema gari lina upepo. Dawa yake ni kuutoa. Unalegeza nati ya chujio, unapiga kipampu cha mkono mpaka mapovu yaishe na yaje mafuta matupu, unakaza. Kazi ya robo saa.

Mimi niliutoa upepo ule tangu Agosti ya mwaka sabini na nne mpaka masika ya mwaka huu. Nilibadilisha mabomba, nikabadilisha mpira wa pampu, nikakagua kila kiungo kwa kidole. Asubuhi linawaka vizuri. Jua likizama linakohoa, linakufa. Fundi Lukasi aliyenifundisha kazi alikuwa akisema gari la dizeli haliuawi na njaa, linauawa na upepo. Nilikuwa nimeanza kumchukia marehemu wa watu kwa maneno yake.

Jioni ninayoisema, binti yetu Zamda, wa miaka saba, alikuwa na homa siku ya tatu. Tabibu wa zahanati alimwangalia macho, akaniambia nimpeleke hospitali Korogwe, na usiku usimkute hapa. Landrova ilikuwa imetoka na katibu wa kijiji tangu asubuhi. Ilirudi saa kumi na mbili kasoro. Ikakohoa mara mbili, ikazimika mlangoni kwangu.

"Baba Zamda," Swaumu aliniita kutoka ndani. "Pumzi yake inapungua."

"Nakuja. Natoa upepo tu."

Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa. Nililegeza nati ya chujio, nikatandika gunia kwenye tope, nikajipenyeza chini ya gari. Kulikuwa na kiungo kimoja karibu na tangi nilichokishuku. Shida ni kwamba kazi ile inataka watu wawili: mmoja abane kiungo chini, mwingine apige pampu juu. Nilikuwa peke yangu. Nililala pale nimebana bomba kwa vidole, nikamwomba Mungu, nikalitukana gari, nikamwomba Mungu tena.

"Hodi..."

Sauti ya mwanamke mtu mzima. Ya taratibu.

"Karibu mama," nikasema kutoka chini. "Samahani, siwezi kutoka. Nisaidie kitu kidogo. Hapo mbele kwenye injini kuna..."

Sikumaliza.

Kwi... kwi... kwi...

Pampu ilikuwa inapigwa.

Nilifurahi, wallahi. Sikujiuliza amejuaje, mtu mwenye mtoto mgonjwa hana nafasi ya kujiuliza. Niligeuza shingo nimwone, nikaona miguu tu. Miguu ya bibi kizee, magaga yamepasuka, bangili ya shaba kwenye kifundo. Ilikuwa imesimama katikati ya tope.

Mikavu. Ina vumbi jekundu.

Ikanijia harufu ya nyumba iliyofungwa siku nyingi.

"Lina nini?" akanong'ona.

"Lina upepo, mama. Nautoa."

Kwi... kwi...

"Ukiutoa utakaa wapi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kukumbuka. Mimi ni Mzigua, nimekulia kwenye ngoma za kupunga pepo. Mtoto yeyote wa kwetu anajua kwamba upepo hautolewi kwa mtu hivi hivi. Mganga anauliza unataka nini, anapatana nao, anaupa pa kukaa, ndipo anautoa. Ukiutoa hovyo utajitafutia wenyewe pa kukaa. Nilikuwa nayajua yote hayo, lakini akili yangu ilikuwa kwenye bomba. Nikacheka kidogo.

"Utakaa utakapokaribishwa, mama."

Pampu ikanyamaza.

"Nimechoka, mwanangu. Nimekaa humu muda mrefu."

Sikumsikiliza vizuri. Nilisikia amechoka, basi. Na wewe ungesema nini? Mzee wa watu amekusaidia, giza linaingia, mvua inaanza tena. Nilisema neno ambalo mama yangu angenizaba kofi kama nisingelisema.

"Ingia ndani, mama. Kaa hapo kitandani kwa mtoto. Karibu sana."

Miguu ikaondoka. Nilifunga kiungo kwa uzi na sabuni, nikatoka chini ya gari, nikaenda mbele kukaza nati ya chujio.

Imeshakazwa.

Nikapanda, nikawasha. Injini ilishika mara moja, na jua lilikuwa limeshazama. Nilikimbilia ndani. Giza tupu.

"Yule mama yuko wapi?"

"Mama gani?" Swaumu akasema. "Hajaingia mtu. Umeingia upepo tu, ukazima kibatari."

Sikuwa na muda wa kuuliza zaidi. Tulimfunga Zamda kwenye kanga, Swaumu akampakata kwenye benchi la nyuma, tukashika barabara ya Korogwe. Gari halikukohoa hata mara moja. Tulikwenda kama saa nzima, tukafika kwenye mahame, pale palipokuwa na nyumba kabla watu hawajahamishiwa vijijini. Zamda alikuwa hajasema neno tangu jana yake.

"Dereva," akasema.

Mimi ananiita baba.

"Dereva, simama hapa niwaage watu wangu."

Maneno yale niliyasikia mahali palepale, ndani ya gari lilelile, wakati wa kuhamisha watu. Kizee mmoja wa pale, Bibi Hamisa, alikuwa amekaa nyuma katikati ya vyungu vyake, akaniomba nisimame kwenye makaburi awaage wazee wake, maana kwetu mtu hahami bila kuaga. Jua lilikuwa linazama. Nilikuwa na amri ya safari tatu kabla ya giza. Nikamwambia, bibi, utawaaga siku nyingine. Tulipofika kijijini nikafungua mlango wa nyuma nimteremshe. Alikuwa ameshakufa, amekaa vilevile, anatazama tulikotoka.

Hiyo ilikuwa Agosti ile ya sabini na nne.

"Simama, dereva..."

Mguu wangu ulikwenda kwenye breki wenyewe.

"Usisimame," Swaumu akasema, analia. "Mtoto anaweweseka. Baba Zamda, ukisimama ananifia."

Nileteeni mtu mwenye busara, nimkalishe kwenye usukani ule, achague yeye. Mimi niliogopa. Nilikanyaga mafuta.

Korogwe walisema ni malaria imepanda kichwani. Wakampa kwinini, siku tisa, akapona. Anakula, anacheza, anakwenda shule. Gari nalo limepona, halijavuta upepo tena mpaka leo.

Jambo moja tu. Zamda haamkii mtu. Anasimama mbele ya mwalimu, mbele ya katibu, mbele ya bibi yake mzaa mama mwenye mvi kichwa kizima, anamtazama, anasubiri. Watu wanasema homa imemwondolea adabu. Swaumu alimchapa mara moja, nikamkataza asirudie, na sikumwambia kwa nini.

Juzi jua likizama nilimkuta amekaa peke yake kwenye benchi la nyuma la Landrova. Nilisubiri aniamkie. Akanitazama tu. Nikavumilia, nikavumilia, mwisho nikasema mimi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akaitika binti yangu. "Lini utanirudisha?"

Nimemwambia Swaumu yote. Sasa ananiuliza kila asubuhi nangoja nini, tumpeleke akaage, tumalize. Gari ni zima, dizeli ipo, na ni mwendo wa saa moja. Ninachongoja ni mtu wa kuniambia: nikisimama pale nikafungua mlango wa nyuma, atashuka nani.