Kaa Wenye Miguu ya Mistari

Kila asubuhi ya likizo ya kiangazi, Tuva alishuka gatini na uzi wake, kibanio cha nguo na kome aliyepasuliwa kombe lake, chambo cha kubanwa mwishoni mwa uzi. Kaa waling'ang'ania chambo, naye akawavuta na kuwatia ndooni. Jioni, watoto wa kisiwa walimwaga ndoo zao juu ya mwamba, wakawashindanisha kaa kurudi majini. Sheria ilikuwa moja: kaa hauawi, kila mmoja anarudi baharini akiwa hai.

Binamu yake, Sixten, alimshinda kila mara, na ulimi hakuuzuia. "Kaa wako wanatembea kama wako mazishini," alimkejeli.

Siku moja Tuva alifuatana na mama yake hadi bandari ya ng'ambo. Huko, chini ya mawe, aliona kaa wadogo wenye gamba la mraba na miguu ya mistari, wepesi kama cheche. Alibeba sita. Jioni ile kaa hao waliteremka mwambani wakimwacha Sixten mdomo wazi, wakazama katika ghuba ya shangazi Gunvor, mfugaji wa kome, aliyewakuza kwenye kamba zilizoning'inia majini.

Asubuhi iliyofuata, kwenye kahawa, shangazi alisimulia kwa huzuni jinsi kaa wageni, walioletwa na meli za mbali, walivyowamaliza kome wachanga wa bandarini na kuwafukuza kaa wenyeji kwenye mawe yao.

"Utawajua kwa mistari ya miguuni," alisema. "Huku kwetu bado. Siku wakiingia, nitauza mashua."

Tuva aliliweka chini andazi lake la iliki. Akinyamaza, nani atajua? Lakini macho yake yaliangukia mikono ya shangazi, iliyochanjwachanjwa na kamba za kome.

"Shangazi, wameshaingia. Niliwaleta mimi. Ni sita."

Shangazi hakumgombeza. Alivaa buti, akachukua ndoo. Walipindua mawe ya ufukweni wakiwatafuta wale sita, hadi viganja vikachubuka. Kila walipokuta kaa wa kijani, wenyeji, waliwarudishia mawe yao taratibu. Sixten naye alikuja kusaidia, safari hii bila kejeli. Kaa wa sita, wa mwisho, alipatikana jioni: jike, tumbo limejaa mayai.

Shangazi aliifunika ndoo. "Mayai haya yangeanguliwa, tusingeweza kuwakusanya tena," alisema. "Mwanangu, hata wema wa kumrudisha kaa baharini huulizwa unakokwenda. Na ukikosea, sema mapema, jiwe likiwa bado linapinduka."