Mzigo Mgongoni mwa Dativa

"Ubani, Ubani. Unanipata?"

Zakiya alikuwa amebana kifua kwenye jabali, kamba kiunoni, maji ya bondeni yakinguruma chini ya viatu vyake. Akakohoa mara mbili; Ubani alikuwa yeye. Kinasa sauti kilikuwa ndani ya kola.

"Amri haijabadilika," ilisema sauti sikioni. "Mzigo usiguswe mpaka ufukweni. Namtaka mnunuzi. Umefahamu?"

Akakohoa tena.

Sauti ilikuwa ya Majid, mkuu wake wa ujasusi, aliyekuwa ndani ya Land Cruiser upande wa pili wa milima, karibu na mji wa Qurayyat, kiyoyozi kikimpuliza. Ilikuwa Januari 2003.

Bakhit, kiongozi wa msafara, alijifunza kazi yake juu ya barafu za milima ya Austria. Huko watu hufungana kamba moja, mmoja akitumbukia kwenye ufa wenzake wamzuie. Kamba hiyo hiyo akaja nayo Oman, akawa anawavusha watu majabali na mabonde yenye maji mpaka baharini. Safari ngumu. Wazungu waliipenda.

Ghassan pia aliipenda. Barabara ya Qurayyat ilikuwa na vizuizi vya polisi. Milima haikuwa na hata kimoja.

Ghassan alikuwa tajiri wa Bawshar. Saa ya Omega mkononi, Kiswahili cha Unguja mdomoni, kama Zakiya mwenyewe; wazee wao wote walitokea huko. Ndani ya begi lake jekundu kulikuwa na kifaa cha kuongozea kombora. Ufukweni kulikuwa na mgeni anayekisubiri.

Ila begi hakulibeba Ghassan.

Alilibeba Dativa, mtumishi wake wa nyumbani, mtu wa Bukoba.

Walipopumzika kando ya dimbwi, Zakiya alikaa karibu yake.

"Zito, dada?"

"Zito, mwalimu." Wote walimjua Zakiya kuwa ni mwalimu wa jiografia. "Bosi anasema ni kamera za kupigia picha ndege. Sijui ndege gani hao wanapigwa picha kwa mawe."

Alicheka peke yake, kisha akavuta kola. Mikanda ilikuwa imemchuna. Fulana ilikuwa imegandana na damu.

"Hukumwambia?"

"Nilimwambia. Kasema yaya wa kwanza alikuwa halalamiki."

Zakiya akamfunga bendeji. Alitaka kumwambia aliweke chini lile begi. Maneno yalifika kwenye ulimi yakarudi.

"Yallah, tusimame!" aliita Bakhit.

Wakasimama.

Njia ikawa nyembamba. Upande mmoja jabali, upande wa pili hewa tupu. Bakhit mbele, Dativa nyuma yake, kisha Zakiya, kisha Wajerumani wawili, Ghassan mwisho. Dativa alikuwa amevaa viatu vya madamu wake. Vilikuwa vikubwa.

Akateleza.

Hakupiga hata ukelele. Kamba ilikaza, Bakhit akajitupa chini na kushika mwamba kwa nguvu zake zote. Dativa akabaki ananing'inia. Begi lilimvuta kinyumenyume, mkanda ukamkaba shingo.

"Kateni begi!" alipiga kelele Bakhit.

"Asiliguse mtu!"

Ilikuwa sauti ya Ghassan. Mkononi mwake kulikuwa na bastola ya Beretta. Wajerumani waliinua mikono.

"Bwana Ghassan, mtu anakufa," alisema Bakhit.

"Watumishi wapo wengi."

Sikioni Majid alikuwa anafoka. "Ubani, kuna nini huko? Mzigo usiguswe! Narudia, usiguswe!"

Zakiya akakichomoa kile kidude sikioni, akakitupa bondeni.

Kisha akaitoa Glock, bastola yake, iliyokuwa chini ya mkate kwenye mfuko wake wa chakula.

Risasi moja.

Beretta ilizama majini. Ghassan akakaa chini, ameukumbatia mkono wake, haamini.

Zakiya alilala kifudifudi ukingoni, akalipachika begi kulabu ya chuma yenye kamba yake, akakata mikanda kwa kisu. Begi likabembea upande wake. Dativa akavuta pumzi kwa sauti ya kutisha, na Bakhit akampandisha.

"Mwanamke wa kwetu," alisema Ghassan wakati Zakiya anamfunga. "Unanifanyia hivi kwa ajili ya yaya?"

Zakiya alikaza fundo. Akamtoa mfukoni Thuraya, simu yake ya setilaiti. Kulikuwa na ujumbe mpya: *Nipo. Aje yule mwanamke peke yake, na begi.*

Akamgeukia Dativa. "Nipe koti lako na mtandio."

Dativa alivua, akampa. Bakhit akabaki kuwalinda, na Zakiya akalifunga begi kwa kamba badala ya mikanda, akajitwika. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani.

Ufukweni, boti ya mwendo kasi ilikuwa imeelekezwa baharini, mashine za Yamaha zinaunguruma. Mwanamume mrefu mwenye miwani ya Ray-Ban alimwonyesha mchanga kwa kidole.

"Weka hapo. Nenda."

Hakumwangalia usoni. Alipiga goti, akafungua zipu.

Chuma baridi kilimgusa nyuma ya sikio.

"Sasa niangalie," alisema Zakiya.

Mwendesha boti alitaka kukimbia. Boti ya doria ikachomoza nyuma ya rasi na kumzibia njia. Vijana wa Majid wakatokea majabalini, na mara kazi ikawa imekwisha.

Alasiri Bakhit aliwashusha waliobaki. Ghassan alitiwa pingu. Dativa naye akatiwa pingu.

"Huyo wa nini?" Zakiya aliuliza.

"Begi lilikuwa mgongoni mwake," alisema Majid. "Wakubwa watauliza. Na wewe ushukuru, maana umevunja amri na bahati imekubeba."

"Alikuwa hajui kitu. Mie ntasimama mahkamani niseme."

"Kwa jina gani?"

Miaka kumi na tano Zakiya alikuwa Ubani, alikuwa mwalimu, alikuwa karani, alikuwa mjane wa mtu fulani.

"Langu. Zakiya binti Saeed."

"Utakuwa umejimaliza. Hutofanya kazi hii tena."

"Nnajua. Andika."

Alikwenda mpaka kwenye gari. Dativa alikuwa amekaa nyuma, mikono mapajani, bendeji imelowa.

"Dada, hutofungwa. Ntakutolea ushahidi, skia? Kila kitu ntakisema."

Dativa aliitazama bastola kiunoni mwake.

"Wewe si mwalimu."

"La."

"Kilichomo kwenye begi ulikijua tangu asubuhi?"

"Nlikijua."

"Na mabega yangu uliyaona. Ukafunga bendeji, ukaniacha nibebe."

Mlango ukafungwa, gari likashika njia ya Maskati.

"Panda, nikufikishe," alisema Majid.

Zakiya alimkabidhi Glock, kitako mbele, bila kumtazama. Akakung'uta mchanga kwenye suruali, akaipita Land Cruiser, akaanza kutembea kuelekea Qurayyat, taratibu, mabega yamenyooka, kama mtu asiyengojwa popote.