Sindano ya Miezi Sita

Asenath aliamshwa saa nane mchana na harufu ya nyama ya mafuta ikiungua. Macho yalikuwa mazito. Alikuwa ametoka shifti ya usiku kiwandani. Aligusa jiko. Baridi. Tangu aingie kwenye majaribio ya dawa ya kolesteroli, hakuna kilichokaangwa katika chumba chao pale Kware.

"Labda ni kwa jirani, Mum," alisema bintiye, Everline.

Babake Asenath alikufa kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka arobaini. Kakake, Luseno, hata arobaini hakufika. Daktari alisema ni tatizo la ukoo, na kwamba sindano moja ingenyamazisha jeni moja kwenye ini kwa miezi sita. Ikanyamaza kweli. Vipimo vilishuka, daktari akatabasamu.

Lakini harufu ilirudi kila mchana, na baadaye ikaja na sauti ya ulimi ukilamba sufuria tupu. Wiki ya pili Everline alikwama kwenye ngazi, mkono kifuani. Alipopimwa, damu yake ilikuwa na mafuta mengi kuliko ya mamake ilivyowahi kuwa.

Asenath, mwanakwaya, hakuwa tena na nguvu ya kuogopa maneno ya watu wa kanisani. Alimwita Sheikh Awale kutoka Eastleigh amsomee binti dua. Mzee alisoma, na kadiri alivyosoma ndivyo harufu ilivyozidi kuwa nzito, ikawakaba koo, ukuta ukatoa jasho la mafuta, Everline akalegea kitandani amefumba macho, na kinywani mwake ikatoka sauti ya marehemu Luseno, taratibu, kama mtu aliyeshiba.

"Nilimla babako. Nikamla kakako. Kwako wamenifungia mlango."

"Rudi kwangu," Asenath alinong'ona. "Mwache mtoto. Mimi nimechoka hata hivyo."

"Nimekwambia mlango umefungwa."

"Basi kesho nampeleka. Na yeye adungwe."

Kile kitu kilicheka polepole.

"Na huyu aliye tumboni mwake? Mtamdunga vipi?"

Sheikh Awale aliacha kusoma. Asenath alimtazama bintiye. Everline alikuwa amefumbua macho, mikono yote miwili juu ya tumbo, na sauti iliyotoka sasa ilikuwa yake mwenyewe.

"Mum," alisema, "nilikuwa natafuta siku ya kukwambia."